UZI: Rezini iliyoganda inayounga ufa wake kwa joto – vipimo, hatua na yanayokwamisha

kemia_kampemba (mwanzisha uzi)

Wandugu wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, nanyi mnaosoma mkiwa mbali, salaam.

Swali hili limeulizwa mara nyingi kwenye nyuzi nyingine: epoksi ikishaganda ikapata ufa, je, ukiipasha moto ufa utajifunga? Epoksi ya kawaida ya dukani, hapana. Ukiipasha inalegea kama raba ngumu, ukizidisha inaungua, lakini haiyeyuki. Wavu wake umefungwa kwa mafundo ya kudumu. Zipo hata hivyo rezini ambazo mafundo yake yanafunguka kwa joto, au yanabadilishana nafasi bila wavu kukatika, na hizo zinaungana kweli. Naweka hapa njia nne ambazo mtu mwenye oveni ya kuaminika, mizani inayosoma gramu 0.1 na uangalifu anaweza kuzifanya.

Kabla ya vipimo, kuna jambo ambalo asiyelishika atapoteza rezini na umeme. Joto halijazi pengo. Joto linaunga nyuso mbili zinazogusana. Ufa mwembamba kama unywele, ukibanwa, utafungana. Mahali ambapo kipande kimeruka na kupotea hapatajazwa na oveni yoyote. Na hata nyuso zikigusana, minyororo lazima iweze kutembea, maana yake joto lipite kile kiwango ambacho rezini inatoka hali ya kioo na kulegea (wenye fani wanakiandika Tg). Tena vifungo vyenyewe viwe vya aina inayobadilishana. Ukikosa kimojawapo, hakuna kitakachoungana.

Njia ya 1: disulfidi. Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa anayetaka kitu kigumu kweli. Unachukua epoksi ya kawaida ya bisfenoli A (DGEBA), na badala ya kigumishi cha kawaida unatumia 4-aminofenili disulfidi, poda ya manjano. Katikati ya molekuli yake kuna salfa mbili zilizoshikana, na kwenye joto kubwa jozi hizo zinabadilishana wenza bila kuhitaji kichocheo.

Hesabu: soma kwenye fishi ya epoksi uzito wa ekwivalenti (gramu za rezini kwa kila kundi moja la epoksi), kwa kawaida ni karibu 190. Poda ina uzito wa molekuli 248.4 na hidrojeni nne zinazofanya kazi, kwa hiyo 62.1 kwa kila moja. Gawanya 62.1 kwa 190, zidisha kwa 100: unapata gramu 32.7 za poda kwa gramu 100 za epoksi. Fishi yako ikisema 184 au 195, rudia hesabu. Usinakili 32.7 kwa mazoea.

Pasha epoksi hadi 80 °C. Poda inayeyuka karibu 75 °C, kwa hiyo mimina kidogo kidogo ukikoroga mpaka chembe zote ziishe na maji ya rezini yawe angavu. Toa hewa kwa pampu ya ombwe ikiwa bado moto. Mimina kwenye kalibu iliyokwisha kupashwa 80 °C, kisha saa 2 na nusu kwenye 120 °C, halafu saa 2 kwenye 150 °C. Ukimaliza, Tg inakuwa karibu 130 °C, sawa na epoksi nzuri ya viwandani.

Kuunga: bana ufa, peleka 180 hadi 200 °C, dakika 5 hadi 20 kulingana na unene, kisha uache upoe ukiwa bado umebanwa mpaka chini ya 100 °C. Watu wengi wanafungua vibano kipande kikiwa na moto, ufa unaachama tena, halafu wanasema rezini haifai.

Njia ya 2: Diels-Alder. Jina linatokana na Otto Diels na Kurt Alder, waliopata Nobel mwaka 1950 kwa mmenyuko walioueleza mwaka 1928. Furani na maleimidi (makundi mawili ya kemikali) zinashikana kwenye joto la chini, karibu 60 °C, na zinaachana kuanzia karibu 110 °C. Kikundi cha Fred Wudl kule Los Angeles kilionyesha mwaka 2002 polima iliyofungamana ya aina hii: iliyovunjika ikapashwa 150 °C ilirudisha kwa wastani 57% ya nguvu yake.

Kwa karakana: gramu 100 za DGEBA (190) kwa gramu 25.6 za furfurilamini. Hiyo inatoa polima ya mnyororo yenye furani zinazoning'inia, na bado haijawa wavu. Wavu unakuja ukiongeza bismaleimidi (ile yenye uzito wa molekuli 358): gramu 47 ukitaka kila furani ipate mwenzake, au nusu yake ukitaka kitu kisichovunjika upesi.

Kuunga: 120 °C kwa dakika 15 hadi 20 ili mafundo yafunguke, halafu teremsha hadi 60–65 °C na ukae hapo saa 12 hadi 24. Hatua ya pili ndiyo inayofunga. Ukitoa kipande kwenye 120 °C na kukiweka mezani, mafundo mengi yatabaki wazi.

Njia ya 3: mafuta ya soya na asidi ya sitriki, na njia ya 4: polikaprolaktoni ndani ya epoksi. Hizo naziachia wenzangu wanaozijua vizuri zaidi.

---

fundi_katuba

Papa, aksanti kwa mafundisho. Miye niko na maswali mbili. Ile poda ya disulfidi inapatikana wapi mu Lubumbashi? Na juu ya nini siwezi kutumia DDS, kile kigumishi kingine cha epoksi? Kuna mutu anauzisha DDS, na naona uzito wayo ni 248 vilevile. Hesabu si inatoka sawasawa?

---

kemia_kampemba

Ndugu fundi, umeona jambo la kweli na la hatari. DDS ina uzito wa molekuli 248.3 na hidrojeni nne, kwa hiyo kwa mizani ni gramu 32.7 kwa 100, sawa kabisa na poda ya disulfidi. Lakini kati ya pete zake mbili kuna salfa moja iliyofungwa na oksijeni mbili. Haibadilishani na mtu. Utapata epoksi nzuri sana, ngumu, inayovumilia joto kuliko ile ya disulfidi, na ufa wake hautaungana hata ukiiweka 200 °C siku nzima. Mikebe ya poda hizi mbili iandikwe kwa herufi kubwa na iwekwe rafu tofauti. Hata zikiganda hutaona kosa. Utalijua siku ya ufa.

Jambo jingine: DDS ndiyo ile ile dapsoni, dawa ya ukoma. Mtu asiende kutwanga vidonge vya hospitali. Vimechanganywa na wanga na vitu vingine, na mgonjwa anavihitaji.

Kuhusu kununua: haiuzwi madukani hapa. Inaagizwa kwa wauzaji wa kemikali za maabara, kwa gramu 25 au 100. Iwe inapitia Kasumbalesa kwa barabara au Luano kwa ndege, dai fishi ya usalama kwa Kifaransa kabla mzigo haujaondoka. Poda ya manjano isiyo na karatasi inakaa kwenye forodha.

Na poda hii ni amini ya pete, usiiguse wala kuivuta: glavu za nitrili, kashenezi ya vumbi laini, na upimie mahali pasipo na upepo.

---

maua_ya_soya

Niichukue njia ya 3, kwa sababu ndiyo ya gharama ndogo na isiyo na sumu kali.

Mafuta ya soya yaliyotiwa epoksi yanatumika viwandani kulainisha PVC, kwa hiyo yanauzwa kwa madumu. Kwenye fishi tafuta asilimia ya oksijeni ya oksirani (ile iliyo kwenye makundi ya epoksi), mara nyingi 6.6 hadi 7. Gawanya 1600 kwa hiyo asilimia: kwa 6.8 unapata 235. Asidi ya sitriki kavu ina 64 kwa kila kundi la asidi. Ile yenye maji ndani (monohidrati, ambayo ndiyo ya kawaida kwenye maduka ya vyakula) ni 70. Kwa gramu 100 za mafuta: gramu 27 za kavu au 30 za yenye maji. Soma mfuko.

Yeyusha asidi kwenye maji ya moto, gramu 30 za maji zinatosha. Mimina kwenye mafuta yaliyo 90 °C na ukoroge kwa nguvu. Mwanzoni maji na mafuta yanagombana, mchanganyiko unakuwa mweupe kama maziwa. Usikate tamaa wala usiongeze sabuni. Maji yanavyotoka na asidi inavyoshika mafuta, mchanganyiko unaanza kuwa angavu na mzito. Hapo una dakika chache tu za kumimina, kwa sababu mnato unapanda ghafla. Angalia kijiko: uzi ukianza kuning'inia bila kukatika, mimina.

Kosa la kwanza ni haraka. Lubumbashi iko juu ya mita 1,200, maji yanachemka karibu 96 °C. Anayefuata maelekezo ya pwani na kupandisha hadi 100 °C ili "maji yaishe" anapata povu linalomwagika nje ya chombo na rezini yenye mashimo kama mkate. Kaa 85 hadi 90 °C, tumia chombo chenye ujazo mara nne ya mchanganyiko.

Kugandisha: usiku kucha kwenye 120 °C. Inatoka raba ya kahawia, laini. Si sahani ya kubeba mzigo. Inafaa kuwa gundi, kifuniko, au raba ya kuziba maungio.

Kuunga: 160 °C ikiwa imebanwa. Hesabu kwa saa, anza na 2, kwa sababu vifungo vya esta (vinavyoundwa asidi ikishika epoksi) vinabadilishana polepole pasipo kichocheo cha chuma. Usipite 165 °C: asidi ya sitriki iliyobaki inaanza kuoza karibu 175 °C, na gesi yake inatengeneza malengelenge ndani ya ufa unaotaka kuufunga.

Mwenye kutaka kitu kigumu zaidi kwa njia ya esta afuate ile ya Paris: kikundi cha Ludwik Leibler mwaka 2011 kiligandisha DGEBA kwa asidi za mafuta au kwa anhidridi ya glutariki, na kuongeza chumvi ya zinki kama kichocheo. Wao ndio walioleta jina vitrima kwa rezini zinazobadilishana mafundo namna hii. Kwa anhidridi, siri iko kwenye uwiano: weka anhidridi nusu ya epoksi, ili haidroksili (makundi ya OH) zibaki ndani ya wavu. Bila haidroksili huru esta haina wa kubadilishana naye. Epoksi nyingi za anhidridi za viwandani haziungani kwa sababu hiyo: uwiano umejazwa hadi mwisho na zinki haimo.

---

kolwezi_tanki

Wakubwa, salaam. Nina tanki za nyuzi za kioo zinazobeba asidi ya sulfuriki ya kuchenjulia shaba. Nyufa ndogo ndogo zinatokea kwenye maungio ya bomba. Nikipaka moja ya hizi ndani, si nitakuwa napasha tu kila baada ya miezi 6 badala ya kukwangua na kupaka upya?

---

kemia_kampemba

Hapana, mukubwa. Na nakuomba usilijaribu.

Vifungo vya esta vinakatwa na maji yenye asidi, hasa yakiwa ya moto. Rezini ya soya itaharibika kabla ya mwaka kuisha. Ile ya disulfidi ni epoksi ya amini: inavumilia asidi nyepesi, lakini tanki za asidi zinajengwa kwa vinili esta kwa sababu nzuri, na vinili esta ina mafundo ya kudumu yasiyojibu joto.

Hata tukisema rezini ingevumilia, ufa uliokwisha kunywa asidi hauungani. Nyuso zimefunikwa na chumvi na maji. Ukizipasha 180 °C unapata mvuke wa asidi ndani ya tanki, na mtu yuko pale. Kwenye tanki fuata kazi ya kawaida: mimina yote, suuza na upime hadi pasiwe na asidi, kausha, saga mpaka nyuzi nzima, weka tabaka za vinili esta.

Rezini za kujiunga zina faida kwenye vitu unavyoweza kuvitoa na kuvipeleka kwenye oveni: kalibu, sahani, mabano, gundi ya kuunganisha vyuma ambayo utataka kuifungua siku moja. Hilo la gundi halizungumzwi vya kutosha. Sahani mbili za chuma zilizogundishwa kwa epoksi ya disulfidi zinaachana ukizipasha na kuzivuta, na zinashikana tena ukizipasha na kuzibana.

---

mama_polima

Njia ya 4, kwa kifupi, kwani ni ya tofauti kabisa na nyingine. Hapa wavu haubadilishi mafundo. Unaweka ndani ya epoksi plastiki inayoyeyuka, polikaprolaktoni, na ndiyo inayotiririka ndani ya ufa ikipata joto. Kwa hiyo hii peke yake inajaza pengo, ingawa dogo sana.

DGEBA gramu 100, DDS 32.7 (hapa ndugu fundi atumie ile DDS yake), polikaprolaktoni gramu 24. Hiyo ni karibu 15.3% ya uzito wote. Yeyusha polikaprolaktoni kwenye epoksi karibu 120 °C, kisha DDS, kisha gandisha kwenye 180 °C. Wakati wa kuganda vitu viwili vinaachana: epoksi inakuwa vipira vidogo, plastiki inabaki katikati yake kama udongo kati ya matofali. Ukiweka plastiki kidogo sana, mambo yanageuka: plastiki inakuwa matone yaliyofungwa ndani ya epoksi, hayana njia ya kutoka, na ufa unabaki.

Kuunga: 190 °C kwa dakika 8 hivi. Polikaprolaktoni inayeyuka karibu 60 °C, na mtu atauliza kwa nini 190. Kwa 70 °C ni nzito kama asali baridi, haitembei. Kadiri inavyopata joto inatanuka kuliko epoksi inayoizunguka, hivyo inasukumwa nje kuingia ufani.

Udhaifu wake ni huo huo: juu ya 60 °C kipande kinapoteza ugumu. Sahani nyeusi juani mwezi wa 10 inaweza kufika hapo bila oveni.

---

fundi_katuba

Sawa mama. Sasa miye nitajua namna gani kama rezini yangu inabadilishana mafundo kweli, si gundi tu ilishika? Sina mashini ya maabara.

---

kemia_kampemba

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote kwenye uzi huu, kwa sababu watu wanajidanganya hapa kila siku.

Mtihani wa bomba. Mimina ukanda wa mm 100 kwa 10, unene mm 1.5. Mimina pia ukanda wa pili wa epoksi ile ile lakini kwa DDS. Pasha zote mbili 180 °C, zikunje kuzunguka bomba la chuma la mm 40, zifunge kwa waya, ziache kwenye 180 °C kwa dakika 30, kisha zipoe zikiwa zimefungwa. Ukizifungua zote mbili zitakuwa na umbo la bomba. Usishangilie bado. Sasa zirudishe kwenye oveni, bila kufungwa, dakika 10. (DDS ina Tg ya juu, huenda karibu na 200 °C, kwa hiyo mpandishe yeye hadi 210 kwenye hatua zote mbili.) Ukanda wa DDS utanyooka kama ulivyokuwa mwanzo: mafundo yake yanakumbuka. Ukanda wa disulfidi ukibaki umekunjika, mafundo yamehama. Ukinyooka nusu, joto au muda havikutosha, au uwiano una kosa.

Mtihani wa pili ni wa nguvu. Fanya vijiti vya mm 60 × 10 × 5, kata mfereji katikati kwa msumeno mwembamba, maliza ncha yake kwa wembe mpya. Weka kwenye vyuma viwili vyenye nafasi ya mm 40, ning'iniza ndoo katikati, mimina maji polepole mpaka kivunjike, pima ndoo. Unga, rudia. Mfano: kilivunjika kwa kilo 12, baada ya kuungwa kikavunjika kwa 8.4, hiyo ni 70%.

Hapa ndipo udanganyifu unapoingia: rezini ambayo haikuiva vizuri inaungana mara ya kwanza kwa sababu epoksi na amini zilizobaki zinamenyuka ufani. Hiyo ni kuiva kwa kuchelewa. Kwa hiyo unga kijiti hicho hicho mara 3. Inayobadilishana kweli itatoa namba za karibu: 70, 66, 63. Isiyoiva itatoa 60, halafu 15, halafu sifuri. Na uweke vijiti ambavyo havijavunjwa, vipitie oveni ile ile muda ule ule, kwa sababu joto peke yake linabadilisha nguvu ya rezini. Asilimia unayoitaja ilinganishwe na hivyo.

Vijiti 5 kwa kila kundi, angalau. Kijiti kimoja hakisemi kitu.

---

bukavu_nyuzi

Kaka, nashukuru kwa mtihani wa bomba. Nina mawili.

La kwanza: nafanya kwa mfuko wa ombwe. Kipimo cha pampu kinagoma kwenye 0.84, hakifiki 1 kama inavyoandikwa kwenye maelekezo. Nimebadilisha utepe mara mbili nikitafuta panapovuja.

La pili: unasema dakika 5 hadi 20. Kwa sahani ya mm 10 inayopata moto upande mmoja nikae muda gani?

---

kemia_kampemba

La kwanza: huenda hapavuji popote. Hewa ya Bukavu, karibu mita 1,500 juu ya bahari, ina mgandamizo wa bar 0.85 hivi. Pampu haiwezi kuvuta zaidi ya hewa iliyopo. Kwa Lubumbashi ni karibu 0.87. Ili kujua kama kuna uvujaji, funga bomba la pampu na utazame sindano kwa dakika 10: ikikaa, mfuko ni mzima. Ila kumbuka kwamba unabana ufa kwa nguvu ndogo kuliko mtu wa Mombasa, kwa hiyo ongeza uzito wa chuma juu ya mfuko au tumia fremu yenye jeki.

Kwa jeki, fanya hesabu usije ukaponda kipande. Kukandamiza vipande vilivyosagwa viwe sahani mpya ya disulfidi kunataka karibu bar 100 kwenye 200 °C. Kwa sahani ya mm 100 × 100 hiyo ni tani 10. Kwa mm 50 × 50 ni tani 2 na nusu, jeki ya gari inaweza. Ufa mwembamba hauhitaji hivyo. Vibano vya skrubu na sahani mbili za chuma zilizonyooka vinatosha, na karatasi ya tefloni katikati.

La pili: rezini haipitishi joto upesi. Kwa moto wa upande mmoja kwenye mm 10, joto linachukua kama dakika 17 kuvuka tu, kabla hata ya kuanza kuhesabu muda wa kuunga. Kwa moto wa pande zote mbili ni robo ya hapo. Mara nyingi kwa hiyo upande wa juu umekwisha kuungua na ufa ulio chini haujaona 150 °C. Kosa hili linawapata wenye bunduki ya hewa moto. Toboa kitundu cha mm 1.5 kando ya kipande, ingiza themokapo (waya wa kupimia joto) ya aina ya K karibu na ufa, anza saa pale themokapo inapofika. Saa ya oveni inapima hewa ya oveni tu. Kipimo cha joto cha mwanga (infraredi) kinasoma vizuri juu ya rezini ukiweka emisiviti yake 0.95, lakini kwenye chuma kinachong'aa kinasema uongo mkubwa.

---

mama_polima

Naongeza la maji, kwani mvua za mwezi wa 11 hadi wa 3 zinaharibu kazi nyingi hapa. Epoksi inakunywa unyevu, na nyuso za ufa zinakunywa zaidi. Ukipeleka kipande moja kwa moja 180 °C, maji yanakuwa mvuke ndani ya ufa na kuufungua unavyojaribu kuufunga. Kausha kwanza kwenye 80 °C kwa saa 6, usiku kucha kwa kitu kinene. Vilevile anhidridi iliyofunguliwa mkebe ikanyeshewa na hewa ya Januari inageuka asidi: poda inaganda vidonge na hesabu yako inaharibika. Acetati ya zinki ya kawaida nayo ina maji mawili ndani yake, yakaushwe.

Na ufa usiguswe kwa vidole wala usijazwe spiriti "kuusafisha". Spiriti inaingia ndani na haitoki. Ufa mpya uliofungwa siku hiyo hiyo ndio unaoungana vizuri kuliko wote.

---

fundi_katuba

Na delestaji je? SNEL, kampuni ya umeme, ikikata katikati ya saa 2 na nusu, nitupe yote?

---

kemia_kampemba

Usitupe. Inategemea umekatwa wapi.

Disulfidi na DDS zinaganda polepole. Umeme ukikatika ndani ya 120 °C, usifungue oveni, ipoe pole pole. Ukirudi, anza tena 120 °C na uongeze muda uliopotea, halafu 150 °C kamili. Kubaya ni mtu kuogopa na kuruka moja kwa moja 150 °C kwa kipande kinene ambacho hakijaganda. Mmenyuko unajitengenezea joto lake mwenyewe, kikombe cha gramu 200 kinaweza kutoa moshi. Ukiwa na shaka, mimina unene usiozidi mm 10.

Soya: umeme ukikatika wakati wa kukoroga na maji bado yamo, endelea kukoroga kwa mkono hadi ipoe. Ukikatika baada ya kumimina hakuna shida.

Diels-Alder ndiyo inayovumilia kuliko zote wakati wa kuunga. Ukikatwa kwenye 120 °C, mafundo yanabaki wazi, unarudia. Ila usijaribu kufidia muda kwa kupandisha 160 °C. Juu ya 150 °C maleimidi zinaanza kushikana zenyewe kwa zenyewe, na fundo hilo halifunguki tena. Kila mara unapofanya hivyo unaua sehemu ya uwezo wa rezini, na huoni kwa macho.

Wakati wa kuunga kwa njia yoyote: umeme ukikatika, vibano vikae. Tena vibano vyenye springi ni bora kuliko skrubu tupu, kwa sababu rezini ikilegea skrubu inalegea nayo.

---

kolwezi_tanki

Nimeelewa kuhusu tanki. Swali la mwisho: sahani zangu za disulfidi zina nyuzi za kioo ndani. Tabaka zikiachana zitaungana?

---

kemia_kampemba

Tabaka zilizoachana, ndiyo, na kwa kweli ndiyo kazi inayofaa zaidi kwa rezini hii, kwa sababu ufa unapita kwenye rezini kati ya tabaka, nyuso ni pana na zinabanika. Piga sahani kwa sarafu, sauti butu inaonyesha palipoachana, chora kwa kalamu. Kausha, 200 °C, bana kwa fremu, dakika 10 baada ya themokapo kufika, ipoe imebanwa, gonga tena.

Nyuzi zilizokatika haziungani. Ukiona weupe wa nyuzi zilizochanika kwenye kona ya bano, rezini itaunga, sahani itaonekana nzima, na haitabeba mzigo. Hapo saga na uweke tabaka mpya za nyuzi, upana wa mm 50 kila upande wa ufa kwa sahani ya mm 3.